Mbuzi Walio kwa Marafiki

Sijamaliza hata wiki tangu nikabidhi funguo za zizi la Kakuma, Ebei ananipigia simu. Ebei ndiye kijana aliyechukua kiti changu.

"Madam Akiru, pole kukusumbua. Kuna mstari hapa kwenye hesabu ya mwaka unasema 'mbuzi walio kwa marafiki'. Ni makosa ya kuchapa? Kompyuta mpya inaukataa. Niufute?"

Nikamwambia asiguse kitu, ninakuja. Nilikuwa nimeshavaa viatu ndipo nikakumbuka kwamba nimestaafu, na mtu aliyestaafu hakimbilii zizini kwa ajili ya mstari mmoja. Nikavua viatu. Haya ninawaandikia nyinyi wote mliobaki, ili siku nyingine msinipigie wakati nimeweka ugali jikoni.

Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Mlinikatia keki na sina hata mvi. Lakini nimeacha kazi ya kuajiriwa na sirudi, na kama huko si kustaafu mnitafutie jina lingine. Vyeo sitavitaja. Mshahara pia sitautaja, haukuwa wa kutajwa hata nilipokuwa nao mkononi.

Nilianza mwaka wa 2012. Nilitoka Katilu, kwa mama yangu anayelima mahindi na kunde kwa maji ya Turkwel. Shule niliiachia kidato cha pili, ila ndoto sikuziacha, nilikuja nazo Lodwar zote. Kampuni ilikuwa inanunua mbuzi Turkana nzima na kuuza nyama na ngozi. Makao makuu yalikuwa Nairobi, ofisi ya tawi Lodwar, na zizi kubwa kuliko yote lilikuwa Kakuma, kwa sababu kambi ya wakimbizi ina wachinjaji wengi na wala nyama wasiokwisha. Mkuu wa tawi alikuwa Bwana Mwenda, mtu wa Meru, mmoja wa wale tunaosema wametoka Kenya, kana kwamba sisi tuko kwingine. Aliniuliza swali moja tu.

"Unajua mbuzi?"

"Nimekula wengi."

Akacheka mpaka akakohoa, nikapata kazi ya ukarani Kakuma.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Lokwang kwenye lango la zizi, amekalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa wachungaji. Nikamsalimia, "Ejok." Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Ejok. Wewe ndiye kalamu?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Mimi ndiye macho. Tutafanya kazi."

Kila ninachokijua kuhusu mbuzi ni yeye aliyenifundisha, na mengine nilifundishwa na mbuzi wenyewe kwa pembe. Herini za plastiki, zile za manjano zenye alama ya kampuni, alinionyesha kuzitia asubuhi na mapema kabla nzi hawajaamka. Unashika sikio, unalinyoosha kuelekea jua, unaona mishipa ya damu inavyopita, unatoboa katikati yake kwa koleo, mara moja bila kusitasita. Ukisitasita mbuzi anajua, na hapo ndipo mnaanza kuchukiana. Kisha unapaka dawa ya buluu ya vidonda. Dawa hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Miaka yangu yote ya kazi nimekwenda kanisani na vidole vya buluu.

Jioni, mbuzi wakishaingia, nilikuwa nampigia Mzee hadithi za hoteli yangu. Ingekuwa hapa hapa Kakuma, karibu na barabara, pilau na supu ya mbuzi na chai ya tangawizi, na viti vyote vya buluu.

"Hoteli inataka mbuzi," akasema. "Uko na mbuzi?"

"Sina."

"Basi uko na viti."

"Hata viti sina, mzee."

"Kumbe uko na rangi peke yake."

Lakini siku zilizofuata ni yeye aliyeniuliza kama viti vitakuwa na mikono au la.

Mwaka ukielekea kwisha, tulikuwa soko la mbuzi la Kakuma. Mzee akasimama ghafla na kuinua mkono ninyamaze. Kulikuwa na mbuzi wa mfanyabiashara mmoja anakohoa, shingo ameinyoosha mbele, mate yanamtiririka. Mzee hakununua chochote siku hiyo. Alirudi zizini akawaita wachungaji wake, na kabla jua halijatua mbuzi wetu walikuwa wanatoka makundi makundi, hawa kuelekea Kalobeyei, hawa juu ya laga ya Tarach, ule mto mkavu, hawa upande wa milimani.

Mliozaliwa mjini, nisikilizeni hapa. Kwetu mfugaji hakai na mifugo yake yote mahali pamoja. Ana marafiki wa mifugo. Mbuzi wako wanalala kwake, wake wanalala kwako, na ugonjwa ukija, au ukame, au wezi wenye bunduki, hauwakuti wote kwenye zizi moja. Rafiki anakunywa maziwa, anachunga kama wake, na siku ukija anakurudishia pamoja na watoto waliozaliwa. Hakuna anayeandika. Mzee Lokwang aliwatunza mbuzi wa kampuni kama alivyowatunza wake, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kutunza mbuzi.

Ugonjwa ulipita Kakuma ukafagia mazizi ya watu. Sisi tuliwapoteza wachache kati ya waliokuwa wamebaki zizini, basi. Fomu yangu ya mwezi ilikuwa na nafasi ya waliopo, waliouzwa na waliokufa. Nikawaandika waliopo. Walikuwapo.

Mwaka wa 2013 ulipoanza, Bwana Mwenda alikuwa anashika simu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kampuni ilikuwa kwenye soko la hisa kule Nairobi. Mimi wakati ule nilidhani soko la hisa lina zizi, kampuni zinasimama ndani, wateja wanazipapasa mbavu. Nilichelewa kujua ukweli, ingawa hata leo sioni kama nilikosea sana. Kampuni iliyo humo lazima itoe hesabu zake za mwaka kwa wakati. Yetu ilikuwa imechelewa. Mhasibu mkuu alikuwa ameondoka, matawi yalikuwa nyuma, soko likasimamisha hisa zetu zisinunuliwe wala zisiuzwe, likatoa siku ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila hesabu iliyotiwa sahihi na wakaguzi, kampuni inaondolewa sokoni. Matawi mengine yakamaliza. Ikabaki mbuzi wa Kakuma.

Kampuni ya ukaguzi ikamtuma Bi Nekesa. Alifika na kofia pana na kompyuta ndani ya mfuko wa plastiki kuzuia vumbi. Alikuwa na adabu, alimsalimia Mzee kwa mikono miwili. Kisha akaangalia zizi. Kulikuwa na mbuzi wachache, na punda mmoja ambaye hakuwa wetu.

"Wengine wako malishoni?"

"Wako," akasema Mzee.

"Wapi?"

"Kwa marafiki."

Bi Nekesa akanigeukia mimi. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye gunia la chumvi.

"Akiru, mimi nakuamini. Lakini siwezi kutia sahihi jambo ambalo sijaliona. Kwa lugha yetu mali hiyo iko mikononi mwa watu wa tatu."

Nikamtafsiria Mzee. Akafikiri.

"Mimi ni wa kwanza, rafiki yangu ni wa pili," akasema. "Huyo wa tatu ndiye mwizi. Hatujampa mbuzi."

Bi Nekesa alicheka, lakini Bwana Mwenda, aliyekuja naye, hakucheka hata kidogo. Alisema mbele yetu sote kwamba mbuzi wameuzwa kambini na pesa zimeliwa. Siku ya mwisho ya soko ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mbuzi wasipoonekana kufikia hapo, alisema, kampuni itatupwa nje ya soko kwa ajili ya zizi hili, na Mzee atalala polisi. Mzee aliinama, akaichukua ekicholong yake, akaenda kukaa upande wa pili wa zizi. Sijawahi kumwona mtu akibeba kiti kidogo hivyo kwa uzito namna ile.

Jioni nilimwuliza Bi Nekesa kuna ubaya gani kampuni ikitoka sokoni, si mbuzi watabaki mbuzi? Akanieleza kwamba kuna walimu na wauguzi walioweka akiba zao kwenye hisa hizo, na watabaki na makaratasi ambayo hakuna mtu wa kuyanunua. Benki nazo zitafunga mkono. Zizi la kwanza kufungwa litakuwa lile lisilo na mbuzi.

"Na Mzee?" nikauliza.

Alikoroga chai muda mrefu, na sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Kesho yake Bwana Mwenda alichukua pikapu na askari wawili, akaenda Kalobeyei kwa rafiki mkubwa wa Mzee, aitwaye Lomuria. Wakati huo makazi mapya ya wakimbizi yalikuwa hayajajengwa Kalobeyei, ilikuwa maduka machache na malisho. Niliketi nyuma na askari. Tuliingia na gari mpaka karibu na miba ya boma. Bwana Mwenda akashuka, akasema bila salamu amekuja kuchukua mbuzi wa kampuni.

Lomuria alikuwa mrefu, mwembamba, na uso usiosema kitu. Aliwaangalia askari, akaangalia bunduki zao.

"Kampuni ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Kampuni! Kampuni ya Lokwang!"

"Lokwang najua. Huyo mtoto yake anaitwa kampuni sijawahi ona."

Tukarudi mikono mitupu. Bwana Mwenda alisema sasa ushahidi umekamilika. Mimi nilikwenda nikamweleza Mzee kila kitu, mpaka bunduki. Alishika kichwa.

"Wamemwendea rafiki yangu na bunduki. Sasa sitaanza na mbuzi. Nitaanza na aibu."

Alimwambia Bi Nekesa kwamba atampeleka, lakini bila gari, bila askari na bila Bwana Mwenda. Bi Nekesa alitazama simu yake, akahesabu siku zilizobaki kwa vidole, kisha akauliza avae viatu gani. Hapo ndipo nilipompenda.

Tulinunua sukari, majani ya chai na tumbaku. Tukapanda bodaboda mpaka senta ya Kalobeyei, tukaziacha pale, tukaenda kwa miguu. Mzee alisema sauti ya pikipiki inafanana mno na ya polisi. Tulipofika, Lomuria hakuinuka. Alianza kuongea tungali mbali.

"Lokwang! Leo askari wako wamevaa gauni?"

"Hawa ni wakali kuliko wale," Mzee akajibu. "Huyu moja anaandika, ingine inasoma."

Akakaa kwenye ekicholong yake, akatoa tumbaku, akasema yaliyotokea ni aibu yake na amekuja kuibeba. Lomuria aliipokea tumbaku. Ndipo chai ikawekwa.

Waliongea habari ya mvua. Wakaongea habari ya ngamia wa mtu fulani aliyepotea na akaonekana Lokichoggio, amenona kuliko alivyopotea. Wakaongea habari ya mafuta yaliyokuwa yamepatikana Turkana, Lomuria akitaka kujua kama mbuzi wanaweza kuyanywa. Bi Nekesa alinong'ona, "Tutauliza saa ngapi?"

"Hatuulizi," nikamwambia.

"Akiru, Ijumaa haitatungoja."

"Kunywa chai, dada."

Na kweli, jua lilipoanza kulegea, mbuzi walikuja wenyewe kutoka kuchimbiwa maji lagani. Walikuja na vumbi lao na kelele zao, weusi, weupe, wenye madoa, na kati yao, huku na huku, herini za manjano zinapepea masikioni. Bi Nekesa aliweka kikombe chini. Lomuria hakugeuza hata shingo. Aliendelea na ngamia.

Mzee akamwambia, "Sasa simama. Andika."

Bi Nekesa alihesabu polepole, midomo ikitembea bila sauti, kwa sababu nilikuwa nimemwomba asiwataje mbuzi wa mtu kwa namba hadharani, hatupendi. Wenye herini walikuwapo. Lakini walikuwa wamezaa, na watoto hawakuwa na herini. Lomuria naye alikuwa na watoto wa mbuzi wake, na wote walikuwa wamechanganyika.

Bi Nekesa alisimama na kalamu mdomoni. "Hawa wadogo ni mali ya kampuni au ya Mzee Lomuria? Siwezi kuandika kwa kudhani." Kisha uso wake ukabadilika. "Ngoja. Nyanya yangu Bungoma alikuwa na mbuzi. Asubuhi watoto wanafungiwa peke yao, si ndiyo? Wakifunguliwa kila mmoja anaenda wapi?"

Mzee alimwangalia kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake katika mji wa mbali. "Huyu msichana ni wa watu," akaniambia kwa Kiturkana.

Tulilala pale. Asubuhi wake wa Lomuria waliwatenga watoto kwenye boma dogo la miba, mama zao wakasimama nje wakiita. Bi Nekesa akakaa kati, kompyuta ameiacha, ana kalamu tu. Mti wa lango ukavutwa. Jamani, sijui mmeona mambo mangapi mazuri katika maisha yenu. Watoto walitoka kama maji, wakarukana, wakamkanyaga mkaguzi wa hesabu kutoka Nairobi, na kila mmoja akaenda moja kwa moja chini ya mama yake, magoti chini, mkia ukicheza. Chini ya herini ya manjano, wa kampuni. Chini ya sikio tupu, wa Lomuria. Bi Nekesa alikuwa anaandika huku machozi yanamtoka kwa kucheka, na wakati anafuta uso akajipaka mavi ya mbuzi, na hakuna aliyemwambia mpaka Kakuma.

Ikabaki jambo moja. Alitaka warudi zizini wote. Mzee akakataa.

"Nikichukua wote nimeua urafiki. Kiangazi kikija nitapeleka wapi? Wachache watarudi. Wengine wabaki."

"Mzee, mali ya kampuni inatakiwa iwe mahali ambapo kampuni inaweza kuifikia."

"Umeifikia. Na chai umekunywa."

Bi Nekesa alitazama mbuzi, akatazama zile nyumba za matawi ya miti, akamtazama Lomuria anayekatakata tumbaku. Kisha akasema ataandika kama ilivyo, ila Lomuria aweke alama kuthibitisha. Wino wa kidole hatukuwa nao. Nikatoa chupa ya dawa ya vidonda. Lomuria akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akakiinua juu kukitazama kikiwa buluu, akauliza, "Sasa kampuni ni mtoto yangu pia?"

Tulipokuwa tunaaga, alinyoosha kile kidole kumwelekea mtoto mmoja wa kike, wa kahawia, mwenye paji jeupe, aliyekuwa ananyonya chini ya sikio tupu. "Huyu wa msichana wa kalamu. Lokwang ameniambia iko na hoteli haina mbuzi."

Bi Nekesa akauliza, "Nimwandike?"

"Huyu usiandike," Mzee akasema. "Huyu ni wake."

Nilidhani ni mzaha wa kuagana.

Kwa marafiki wengine tulikwenda vivyo hivyo, kwa miguu na kwa sukari, na Alhamisi tulikuwa Lodwar tumechoka kama viatu vyetu. Bi Nekesa na Bwana Mwenda walituma hesabu kutoka ofisini, huku mimi nimeshika waya wa mtandao ambao ulifanya kazi ukishikwa tu. Nairobi wakapokea. Wakaguzi wakatia sahihi. Ijumaa mchana simu ikaja: zimefika sokoni, kampuni inabaki. Baada ya muda hisa zikaanza kuuzwa tena, na walimu na wauguzi wale, ambao hawatajua kamwe jina la Lomuria, wakalala vizuri.

Bwana Mwenda alikuja Kakuma mwenyewe. Alibeba sukari. Alikaa chini mbele ya Mzee akaongea habari ya mvua, ya Meru na ya Turkana, akaongea na kuongea, mpaka Mzee akamwonea huruma.

"Meneja, sasa unaweza kusema."

Akasema pole. Akaisema vizuri. Toka siku hiyo Mzee alimwita mwanangu, na meneja alipohamishwa alilia waziwazi, nami nikalia, ingawa mimi hulia hata harusini.

Kitabu cha hesabu za mwaka kilipochapishwa, kile cha karatasi za kung'aa, nilikipeleka zizini. Ndani, baada ya ardhi na magari, kulikuwa na ule mstari: mbuzi walio kwa marafiki. Nilimsomea Mzee, nikamtafsiria.

"Wameandika jina ya Lomuria?"

"Hapana. Wameandika marafiki tu."

"Afadhali. Wangeandika jina, kila mtu angeenda kumwomba."

Mzee Lokwang alifariki miaka michache baadaye, nyumbani, kichwa juu ya ekicholong yake. Nimeendelea kwenda Kalobeyei kila mwaka kuwaona mbuzi wa kampuni. Wangu sikuwahi kuuliza. Mtu haulizi.

Siku mliyonikatia keki, wageni wakishaondoka, nilimwona Lomuria langoni. Amezeeka, amekuja kwa miguu, na sijawahi kumwona Kakuma hata siku moja. Nyuma yake mjukuu wake alikuwa anaongoza mbuzi. Nikawatazama: kahawia, na kahawia, na kahawia tena, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja ana paji jeupe.

"Hoteli iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha upande wa barabarani, palipo na mabati mapya. Viti nilikuwa nimeshapaka rangi, mnajua rangi gani. Aliviangalia akatikisa kichwa, akainua kile kidole gumba chake kikavu, sote wawili tukacheka. Nikamkaribisha, nikaweka chai. Tukaongea habari ya mvua. Jua lilipolegea akaniambia, "Wengine wako nyumbani. Unachukua wote?"

"Hapana, baba," nikasema. "Nachukua wachache. Wengine wabaki."

Basi Ebei, mstari huo usiufute. Kama kompyuta inaukataa, iambie imwulize Lomuria. Iende kwa miguu, na ibebe sukari.